MI 2 ya M.I Abaga: albamu au tangazo la sinema?

Mzee wa Kaseti
Wakuu, nimeirudia MI 2: The Movie ya yule rapa wa Nigeria mwanzo hadi mwisho na msimamo wangu ni uleule: albamu yake ya kwanza, Talk About It, inaipita mbali. Ile ya kwanza ni ya mtu mwenye njaa. Kwenye "Short Black Boy" jamaa anajichana mwenyewe, ufupi na weusi wake, kabla wewe hujapata nafasi ya kumchana. Novemba 2010 anarudi na jina la sinema na wageni kama msafara wa harusi: Flavour, 2Face, Waje, Timaya, Brymo. Mistari ipo, sikatai, ila ukianza tu kumsikia, kiitikio cha mtu mwingine kimeshaingia. Na niseme la kuwaudhi: huku kwetu mlimpenda kwa kile Kiingereza chake cha chuo cha Michigan. Angechana kwa lugha ya nyumbani wala msingemjua.

Binti Eastlands
"Huku kwetu" ni wapi, bana? MTV walimpa tuzo ya hip hop hapa hapa Nairobi 2009, Kasarani. Kwa hivyo sisi Wakenya tulipigia makofi lafudhi? Mimi nilikuwa na wimbo wake "Safe" kwenye simu na maneno mengine hadi leo siyajui.

Mzee wa Kaseti
Dada, umejijibu mwenyewe.

Binti Eastlands
Sijajijibu chochote. Wabongo mkisikia Kiingereza mnapandwa na presha.

Kijana wa Mwenge
Presha tena 😂 Tulieni. Talk About It si ya 2009? Basi tuzo aliipata kwa albamu mbichi kabisa.

Sikio Moja
2008, Desemba. Halafu mzee, pijini, kile Kiingereza cha mtaani cha Nigeria, umeiweka wapi? Jamaa anaruka kutoka Kiingereza kwenda pijini ndani ya mstari mmoja. Hiyo nayo amefundishwa Michigan?

Fundi Spika
Mkishaanza habari za lugha, mtajeni Dagrin, rapa mwenzake wa Nigeria. Albamu yake C.E.O ya 2009, Kiyoruba cha mtaani, hajamtafsiria mtu. 2010 tuzo ya Nigeria ya albamu bora ya rap ikaenda kwake, siyo kwa msomi wenu. Aprili mwaka huohuo alifariki kwa ajali ya gari. MI 2 inatoka miezi saba baadaye, uwanja mtupu. Hata mimi ningejiita bingwa.

Sikio Moja
Yaani umemchimbua marehemu ili ushinde ubishi wa mtandaoni? Hovyo kabisa.

Fundi Spika
Nimetaja tarehe. Kama tarehe zinakuuma, kagombane na kalenda.

Mama Tumaini
Wanangu, hakuna hata mmoja aliyeigusa "Wild Wild West" ya kwenye MI 2. Huyu M.I amekulia Jos, mji wa Nigeria. Januari 2010 watu wanauana katika mji ule, Machi wanauana tena, na yeye analiweka jambo hilo katikati ya albamu mnayoiita tangazo. Talk About It ina utani mtamu na kejeli nzuri, ila uzito huo nitajieni upo wimbo gani. Na "One Naira" na Waje: kiitikio cha yule dada ndiyo roho ya wimbo. Mkikitoa mnabaki na nini?

Mzee wa Kaseti
Mama, heshima yako. Ila msafara wa harusi uko palepale.

Kijana wa Mwenge
Mimi naona mnazunguka tu. Mwaka ule wimbo wa Chocolate City, lebo ya M.I, ulikuwa "Oleku" ya Ice Prince, Brymo kwenye kiitikio, Jesse Jagz kwenye mdundo. Mkubwa anatoa sinema, mdogo anaondoka na wimbo mmoja na mtaa mzima. Hata Brymo ni yuleyule wa "Action Film" ya kwenye MI 2, sikilizeni wapi ameimba kama mtu aliyeamka.

Sikio Moja
Mdogo gani? Mdogo wake wa damu ni Jesse. Ice Prince ni mwenzao wa Jos. Jifunze kwanza ukoo.

Kijana wa Mwenge
Nimesema mdogo kwenye lebo. Povu la nini?

Binti Eastlands
Fundi Spika, nimekumbuka kitu. Wewe Kiyoruba unakijua?

Fundi Spika
Sikijui.

Binti Eastlands
Basi sisi tulipenda lafudhi, na wewe unapenda usichokielewa. Tofauti yetu iko wapi?

Fundi Spika
Mimi sijavimba kichwa kwa sababu ya tuzo ya Kasarani.

Mama Tumaini
Kwa hiyo "Wild Wild West" ndiyo hakuna wa kuijibu?

Sikio Moja
Mama subiri kidogo, huyu wa "mdogo kwenye lebo" bado sijamalizana naye.