Kutabiri drafti ya AFL: tuanze na ubora wa mchezaji au mahitaji ya klabu?

Mfuatiliaji wa Drafti ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaandaa orodha ya utabiri wa drafti ya AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia, yaani zoezi ambalo klabu huchagua wachezaji vijana kwa zamu, na ningependa kupata mawazo yenu kuhusu njia ya kuiandaa kabla sijaiweka hapa. Hadi sasa ninawapanga vijana kwa ubora wao, kwa kuangalia walivyocheza katika mashindano ya taifa ya chini ya miaka 18, katika Talent League, ligi ya vijana ya Victoria, na katika ligi za SANFL ya Australia Kusini na WAFL ya Australia Magharibi. Kisha ninawagawa kwa klabu kwa kufuata zamu, ambapo klabu iliyoshika mkia inachagua kwanza na bingwa anachagua mwisho, isipokuwa pale nafasi zilipokwisha kubadilishana mikono.

Wapo wanaosema kwamba njia hii haitoshi, kwa sababu klabu huchagua kulingana na pengo lililomo kikosini mwake. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa mwaka 2014, pale St Kilda, ikiwa na nafasi ya kwanza, ilipomchukua mshambuliaji mrefu Paddy McCartin, na Melbourne ikamchukua Christian Petracca katika nafasi ya pili. McCartin alisumbuliwa mno na majeraha ya kichwa, ilhali Petracca alikuja kutwaa Medali ya Norm Smith, ya mchezaji bora wa fainali, katika fainali ya mwaka 2021 ambayo Melbourne ilishinda. Je, mtabiri aanze na ubora au na mahitaji? Na akishaanza na kimoja, kile cha pili akipe uzito kiasi gani?

Mpiga Hesabu amejibu:

Ndugu Mfuatiliaji, swali lako ni zuri, lakini kwa maoni yangu kuna jambo linalotangulia yote mawili, nalo ni madau: klabu inamtaja kijana ambaye klabu nyingine ina haki naye, na hiyo nyingine inaweza kulifikia dau, yaani kulilipa, ikamchukua. Orodha ya wachezaji bora na orodha ya uteuzi ni vitu viwili tofauti. Anayeandika ya kwanza huku akidhani anaandika ya pili atapotea mapema sana, pengine katika nafasi ya pili tu.

Chukua drafti ya mwaka 2021. North Melbourne ilimchukua Jason Horne-Francis katika nafasi ya kwanza. GWS (Greater Western Sydney), iliyofuata, ilimwekea dau Sam Darcy, Western Bulldogs ikalifikia, na kijana akaenda katika klabu aliyoichezea baba yake, Luke Darcy. Ndipo GWS ikamchukua Finn Callaghan katika nafasi ya tatu. Gold Coast nayo ikamwekea dau Nick Daicos katika nafasi ya nne, Collingwood ikalifikia, na Gold Coast ikaishia kumchukua Mac Andrew katika nafasi ya tano. Mtabiri ambaye hakuyaweka madau hayo mawili katika orodha yake aliona nafasi zote zilizofuata zikisogea, hata kama alijua vizuri kabisa kila klabu inamtaka nani.

Kwa wasioufahamu utaratibu huu: mtoto wa mchezaji aliyecheza walau mechi 100 katika klabu fulani anaweza kuchukuliwa na klabu hiyo chini ya kanuni ya baba na mwana, na vijana waliolelewa katika akademia za klabu wana utaratibu unaofanana na huo. Klabu nyingine ikimtaka kijana wa namna hiyo, inamwekea dau katika zamu yake, na klabu yenye haki naye inaamua papo hapo kama italipa au itamwachia. Malipo si fedha. Kila nafasi ya uteuzi ina thamani yake katika jedwali la pointi lililoanza kutumika mwaka 2015, na klabu inalipa kwa kutoa nafasi zake nyingine.

Tuone hesabu yenyewe. Katika jedwali hilo la mwanzo, nafasi ya kwanza ilikuwa na pointi 3000, ya pili 2517, ya tatu 2234, ya kumi 1395 na ya kumi na nane 985. Mwaka 2022 North Melbourne ilimwekea dau Will Ashcroft katika nafasi ya pili. Brisbane, ambayo baba yake Marcus aliichezea zaidi ya mechi 300, ilikuwa na punguzo la asilimia 20, hivyo pointi zilizohitajika zilikuwa takribani 2014. Sasa fikiria klabu yenye nafasi ya 18, ya 30 na ya 40: thamani zake ni 985, 629 na 429, jumla 2043. Nafasi hizo tatu, ambazo hakuna hata moja inayokaribia kumi bora, zingetosha kumnunua mchezaji wa pili kwa ubora nchini. Ndiyo maana katika majuma ya kubadilishana wachezaji na nafasi za drafti klabu zenye kijana wa aina hii hukusanya nafasi za katikati kwa wingi. Mtabiri anayefuatilia mabadilishano hayo kwa makini huona mapema nani amejiandaa kulipa na nani hataweza.

Zingatia pia kwamba kuanzia mwaka 2025 punguzo lilishushwa hadi asilimia 10 na jedwali lenyewe likarekebishwa, hivyo hesabu za miaka ya nyuma haziwezi kuhamishwa moja kwa moja. Dau lile lile la pointi 2517, kwa punguzo jipya, lingegharimu takribani 2265, na zile nafasi tatu nilizozitaja zisingetosha tena.

Sheria za akademia nazo zimekuwa zikibadilika, na mtabiri asiyezifuatilia ataumia. Mwaka 2020 Western Bulldogs ilimpata Jamarra Ugle-Hagan katika nafasi ya kwanza kabisa kwa kufikia dau la Adelaide. Mwaka uliofuata klabu zilizuiwa kufikia madau ya vijana wa akademia za kizazi kipya (zilizo za vijana wa asili ya Australia na wa familia za wahamiaji) ndani ya nafasi 20 za mwanzo, na ndiyo sababu Melbourne haikuweza kumzuia Mac Andrew, kijana wa akademia yake yenyewe, asiende Gold Coast. Akademia nne za kaskazini, yaani za Sydney, GWS, Brisbane na Gold Coast, hazikuguswa na zuio hilo, na mwaka 2023 Gold Coast ilichukua vijana wake wanne katika raundi ya kwanza peke yake. Kufikia mwaka 2024 zuio lilikuwa limeondolewa, na Essendon ikampata Isaac Kako wa akademia yake katika nafasi ya 13.

Kwa hiyo ningekushauri uandike kwanza majina ya vijana wote wenye klabu zao tayari, kisha ujiulize kuhusu kila mmoja: ni klabu gani ya kwanza inayoona kwamba anastahili nafasi yake kiasi cha kuwa radhi kubaki naye iwapo dau halitafikiwa? Klabu haiweki dau kwa mchezaji isiyemtaka, kwa sababu inaweza kuachiwa.

Mzee wa Mviringo amejibu:

Ninakubaliana na Mpiga Hesabu kuhusu madau, ila ningependa kuongeza suala la nyumbani, ambalo naona linapuuzwa na wengi wanaoziangalia takwimu pekee.

Australia ni nchi pana. Kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Adelaide au Perth akichaguliwa na klabu ya Melbourne anahama familia, marafiki na kila alichokizoea, na klabu zinalijua hilo. Horne-Francis aliyetajwa hapo juu alitoka Australia Kusini. Alikaa North Melbourne msimu mmoja tu, kisha mwaka 2022 akarudi kwao kujiunga na Port Adelaide, katika makubaliano yaliyohusisha klabu nne na yaliyoihamisha hata nafasi ya kwanza ya drafti ya mwaka huo kwenda GWS, iliyomchukua Aaron Cadman. Klabu iliyompoteza mchezaji kwa namna hiyo, na jirani zake waliotazama, hawawezi kuingia katika chumba cha uteuzi mwaka unaofuata bila kumuuliza kila kijana maswali magumu kuhusu kuishi mbali na kwao.

Ndiyo maana mwaka 2020, baada ya dau la Ugle-Hagan kufikiwa, Adelaide ilipomchukua Riley Thilthorpe, kijana wa jimbo lake, badala ya Logan McDonald wa Australia Magharibi, mimi sikushangaa. Wote wawili walikuwa washambuliaji warefu. Panapokuwa na wachezaji wawili wanaocheza nafasi moja uwanjani ambao tofauti yao ni ndogo, nadhani mtabiri amweke wa nyumbani, hasa kwa klabu za Adelaide na Perth.

Lakini tahadhari moja: tofauti ya ubora ikiwa kubwa, nyumbani hakusaidii. West Coast ya Perth ilikuwa na nafasi ya kwanza mwaka 2023, na ulikuwapo mjadala mrefu kama iibadilishe nafasi hiyo, kwa kuwa Harley Reid alitoka Tongala, mji mdogo wa Victoria ulio mbali sana na Perth. Ilimchukua. Klabu hiyo hiyo ilikuwa imemchukua Chris Judd kutoka Victoria mwaka 2001 katika nafasi ya tatu. Ni kweli kwamba Judd alirudi kwao mwishoni mwa mwaka 2007, lakini kabla ya hapo alikwisha kuipa klabu Medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, ya mwaka 2004 na ubingwa wa mwaka 2006 akiwa nahodha. Sidhani kama kuna mtu wa West Coast anayejutia uteuzi ule.

Mpenda Viungo amejibu:

Nitajibu swali lenyewe kwa ufupi. Katika nafasi kama sita za mwanzo, anza na ubora. Klabu inayochagua hapo kwa kawaida ni dhaifu kila mahali, hivyo kusema kwamba ina hitaji moja ni kujidanganya. Kuanzia hapo kuteremka, pale wachezaji wanapokaribiana, mahitaji yanaanza kuamua.

Kuhusu McCartin na Petracca, nadhani mfano huo unatumiwa vibaya. Washambuliaji warefu ni wachache katika kila kizazi, wanachelewa kukomaa, na klabu isiyempata katika drafti italazimika kumlipia gharama kubwa baadaye. Uamuzi wa St Kilda ulikuwa na mantiki siku ulipofanywa, na majeraha ya kichwa hayawezi kuuhukumu. Mtabiri anatakiwa kukisia uamuzi wa klabu kwa taarifa ilizonazo klabu siku hiyo, na si kuhukumu kilichotokea miaka saba baadaye.

Mfuatiliaji wa Drafti ameuliza tena:

Ninawashukuru sana. Nimeona kwamba nilikuwa nikilinganisha vitu viwili huku madau yakibadilisha mpangilio wote. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, majaribio ya kimwili ya Oktoba niyape uzito gani? La pili, orodha ikishawekwa, tuipime vipi ikiwa dau moja linaweza kuisogeza yote?

Mpiga Hesabu amejibu:

Kuhusu majaribio, uyape uzito mdogo. Mbio za mita 20, mbio za kilomita mbili na urefu wa kuruka huthibitisha kile ambacho wasaka vipaji wamekwisha kukiona uwanjani kwa miaka miwili. Nadhani matokeo yake yanamsaidia zaidi kijana wa katikati ya orodha ambaye klabu zilikuwa na shaka na kasi yake, kuliko yule wa juu. Mahojiano, ripoti za madaktari na mazungumzo na familia hatuyaoni, na humo ndimo mara nyingi kijana anamoporomokea nafasi kumi bila sababu inayoonekana kwetu.

Kuhusu kupima, usihesabu namba ya nafasi. Hesabu jozi ya klabu na mchezaji. Tuseme mwaka 2022 uliandika kwamba North Melbourne itamchukua Harry Sheezel katika nafasi ya pili kwa sababu ulidhani Ashcroft atawekewa dau baadaye. Sheezel alitangazwa katika nafasi ya tatu, lakini ulichokijua kuhusu klabu hiyo kilikuwa sahihi, na haifai kupoteza alama kwa ajili hiyo. Kisha toa alama ya pili, iliyo ndogo kuliko hiyo, kwa kila dau ulilolitaja pamoja na klabu iliyoliweka, kwa sababu huo ni ujuzi wa aina yake. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2018 klabu zinaruhusiwa kubadilishana nafasi wakati drafti ikiendelea, hivyo jozi ndiyo kipimo pekee kinachobaki na maana hadi mwisho wa usiku.

Jambo la mwisho ni mahali pa kuishia. Mimi nisingetabiri zaidi ya raundi ya kwanza. James Hird alichaguliwa katika nafasi ya 79 mwaka 1990, na Dane Swan katika nafasi ya 58 mwaka 2001, na wote wawili walikuja kushinda Medali ya Brownlow. Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma nchini Kenya, alichukuliwa na Sydney katika nafasi ya 44 mwaka 2013 na akaingia katika kikosi bora cha Australia nzima mwaka 2021 akiwa Port Adelaide. Huko chini kila klabu ina orodha yake isiyofanana na ya jirani, na mara nyingi jina linaingia kwa sababu ya msaka vipaji mmoja aliyemtazama kijana katika mechi ambayo wengine hawakuhudhuria. Ukitaka kuendelea hadi huko, andika majina bila klabu, na useme tu kwamba unatarajia watachaguliwa.