Tepu inageuka rangi ila pakiti zinatoka zimelowa, tufanyeje?

nesi_newala: Habari wakuu, otoklevu yetu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke) siku hizi pakiti za vifaa zinatoka zimelowa ingawa ile tepu ya kuonyesha joto inageuka rangi vizuri tu, na umeme ukikatika katikati wenzangu wanaendelea pale walipoishia, roho inaniuma maana vingine ni vifaa vya kuzalishia. Ni salama kweli?

fundi_lindi: Pole dada. Tepu inakwambia pakiti ilipata joto, haikwambii vijidudu vimekufa. Iliyolowa hesabu si salama, rudia. Umeme ukikatika anza upya kabisa, vifaa vilivyofungwa kwenye pakiti ni nyuzi 121 dakika 30, muda hauungwi! Na msishindilie, mvuke unataka njia.

mama_theata: Nakazia hapo. Halafu kila wiki wekeni ndani kichupa cha spora, yaani bakteria sugu kwa joto waliojifunga ganda gumu, baada ya mzunguko mkiziotesha zikaota basi mashine haijaua. Sisi tunaandika kwenye daftari kila mzunguko, joto, presha, muda, nani kapakia, ndo tukagundua lastiki ya mlango imechoka.

nesi_newala: Duh, yetu inavuja mvuke mlangoni tangu masika nikajua kawaida. Kesho asubuhi namwita fundi.