Je, Chittor ilizingirwa kwa ajili ya Padmini?

Baadhi ya wenzangu katika mjadala huu wameshikilia kwamba Sultani Alauddin Khalji wa Delhi aliizingira ngome ya Chittor, huko India, mwaka 1303 kwa kumtamani Padmini, mke wa mtawala wake Ratnasimha, na kwamba anayelikana hilo anawavunjia heshima Warajput, ile jamii ya wapiganaji wa India waliokuwa wakiitawala ngome hiyo. Sikubaliani nao hata kidogo.

Amir Khusrau, mshairi wa sultani, alikuwa kambini chini ya mlima wenye ngome hiyo, na ndiye anayetueleza kwamba mzingiro ulianza mwishoni mwa Januari na ngome ikaanguka Agosti 26. Hakuficha ukatili wa bwana wake, kwani ameandika waziwazi, katika kitabu chake cha vita vya sultani, kwamba watu 30,000 waliuawa kwa amri yake, ilhali mtawala mwenyewe alijisalimisha akasamehewa. Katika kitabu hichohicho, anaposimulia kuanguka kwa ngome nyingine, Ranthambore, mwaka 1301, anautaja moto waliojitosa wanawake wa ngome ili wasitekwe. Padmini hamtaji popote. Kisa chake kama tukijuavyo kinatoka katika utenzi wa Malik Muhammad Jayasi wa mwaka 1540, miaka 237 baadaye, ambamo kasuku ndiye anayemsimulia mfalme Ratnasimha uzuri wa binti huyo.

Iko hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Khusrau anamfananisha sultani na Nabii Suleiman na kujiita yeye mwenyewe ndege hudihudi, na kwa kuwa hudihudi ndiye aliyeleta habari za Bilkis, malkia wa Saba, wapo wanahistoria walioona hapo fumbo la Padmini. Hata hivyo, kumsifu mfalme kwa jina la Suleiman lilikuwa jambo la kawaida kwa washairi wa Kiajemi, na fumbo peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Tazameni mfuatano wa vita: Gujarat 1299, Ranthambore 1301, Chittor 1303, Malwa 1305. Huyu ni mtawala aliyekuwa akijifungulia njia ya kusini na magharibi, ngome baada ya ngome, na Chittor ilikuwa imekaa njiani.

Kinachoniuma ni kwamba tunabishana juu ya malkia mmoja huku wale 30,000 wakipita kama tarakimu tu. Mwenye andiko la karne ya 14 linalomtaja Padmini na alilete hapa, nami nitalisoma kwa makini.