Pesa za TASAF: ziendelee kwenda mkononi, au zihamie kwenye mbolea?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa msibani wilayani Chamwino, tumekaa chini ya mwembe tukingoja chakula, mzee mmoja akalianzisha: "Serikali inagawia wavivu hela. Zingenunua mbolea, njaa ingekuwa historia." Nusu ya wanaume wakaitikia. Akina mama waliokuwa wakisonga ugali pale pembeni hawakusema kitu, na wawili kati yao nawajua, ni walengwa, yaani wanapokea pesa hizo. Msibani si mahali pa kubishana na mtu mzima, nikanyamaza. Nimeileta hapa.

Kwa ambao hawafuatilii: TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo tangu mwaka 2000, enzi za Mzee Mkapa, ila wakati huo ilikuwa zaidi ni madarasa, zahanati na visima. Pesa mkononi zilianza kwa majaribio mwaka 2010 Bagamoyo, Kibaha na hapa hapa Chamwino, kisha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ukasambaa nchini baada ya uzinduzi wa 2012. Kaya zilifika zaidi ya milioni moja. Awamu ya pili ilizinduliwa Februari 2020.

Msimamo wangu ni kwamba pesa ziendelee kwenda mkononi, lakini kalenda yake ivunjwe. Njaa ina msimu, malipo hayana. Mlengwa anapewa kila baada ya miezi miwili, Julai ghala likiwa na mtama sawa na Januari likiwa limebaki na panya.

Nitoe mfano wa jirani yetu mmoja kijijini, mama mwenye watoto wanne. Januari saa kumi na mbili asubuhi anapita na jembe begani pembeni ya shamba lake mwenyewe. Majani yamefika magotini, mtama umeanza kuwa njano. Hasimami. Anakwenda kupalilia shamba la mwenzake kwa sababu huko jioni atapewa kitu cha kupika. Shamba lake atalipalilia Februari, likiwa limeshaharibika. Mavuno yatakuwa magunia mawili, moja litauzwa Juni kwa bei ya kutupa kulipa madeni, na Januari nyingine utamkuta na jembe lile lile, akipita njia ile ile. Huyo mbolea itamsaidia nini? Mkimwita mvivu, njooni tuamke naye saa kumi na moja.

Mkulima, Songea

Mleta mada, pole na msiba. Lakini usiiseme vibaya mbolea kwa sababu ya Dodoma yenu ya mvua za kubahatisha. Huku Ruvuma tuliona kwa macho. Mwaka 2022 kabla ya ruzuku, mfuko wa kilo 50 wa kukuzia ulipita laki na ishirini. Watu walipanda bila mbolea, wengine walipunguza ekari. Ruzuku ilipozinduliwa Nane Nane ya mwaka ule pale Mbeya, mfuko ukashuka hadi elfu sabini. Mkulima akipata magunia 20 kwa ekari badala ya sita, anayefaidika si yeye tu. Yule mama wako wa Chamwino naye anakula mahindi yanayopandishwa malori kutoka kwetu.

La pili, hela za TASAF kwa sehemu kubwa ni mkopo. Awamu ya pili peke yake Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 450. Mkopo wa kula? Mjukuu wangu alipe deni la unga alioula jirani yako? Tukope tuzalishe.

Mchangiaji mwingine

Siku ya malipo kilabu cha pombe kinajaa. Nimemaliza.

Aliyekuwa mjumbe wa kamati ya kijiji

Hujamaliza, ndugu yangu. Mimi nimesimamia malipo. Wapokeaji wengi ni wanawake, na wengi ni bibi wanaolea wajukuu. Kwenye meza ya malipo bibi anaweka dole gumba, anazihesabu mara tatu, anazifunga kwenye pindo la khanga, anapita dukani kulipa alichokopa. Yale majaribio ya 2010 yalifuatiliwa na watafiti, wakakuta kaya zimenunua kuku na mbuzi na kujiunga na mfuko wa afya ya jamii. Wanaokunywa wapo, kama walivyo kwenye mishahara ya serikali, na sijasikia mtu akitaka mishahara ifutwe.

Kasoro tulizokuwa nazo ni nyingine. Majina yalipitishwa kwenye mkutano wa kijiji, na mkutano wa kijiji una wenyewe. Serikali ilipofanya uhakiki iliondoa zaidi ya kaya 50,000 zisizostahili. Piga kelele hapo, nitakuunga mkono.

Mleta mada, na wewe umeruka ajira za muda. Zile siku 60 kwa mwaka za kuchimba malambo na kutengeneza barabara ziliwekwa mahsusi kwa ajili ya kipindi cha hari, ile miezi ya njaa.

Mleta mada

Sikuziruka, nilikuwa nakuja. Kipindi cha hari kwetu ndicho kipindi cha palizi! Ukimwita yule mama Januari akachimbe lambo, umefanya alichofanya mwenye shamba kubwa, umemtoa shambani kwake. Lambo ni zuri, tulichimbe Agosti.

Wa Songea, kwenye bei ya unga nakubali, sina ubishi. Ila angalia nani anaingia kwenye ruzuku yako. Lazima ujisajili, na hata baada ya ruzuku ile ya 2022 ilibidi uwe na elfu sabini taslimu. Awamu ya kwanza ya mpango, kaya iliyopata kiwango cha juu kabisa ilipata elfu 38 kwa mwezi. Kwa hesabu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu za 2017/18, mtu mzima mmoja alihitaji 33,748 kwa mwezi kwa chakula tu. Kaya nzima imepewa chakula cha mtu mmoja na chenji ya sabuni. Huyo atoe wapi elfu sabini? Tulishaona enzi za vocha za pembejeo, maskini anasaini vocha, anapewa elfu kadhaa, mfuko unaondoka na wakala.

Kuhusu deni, mtoto aliyekula akabaki darasani ndiye atakayelilipa. Asiyekula hatalipa, na wa kwako atalipa peke yake.

Ninachopendekeza hakiongezi hata senti kwenye bajeti. Chukua jumla ya mwaka, sehemu kubwa ilipwe kati ya Novemba na Februari, ili mtu apalilie kwake kwanza. Vibarua vitapungua na wenye mashamba makubwa watalazimika kupandisha ujira. Nahisi ndiyo maana wale wanaume msibani waliitikia haraka vile.

Mkulima, Songea

Hapo kwa wenye mashamba umenichoma, maana na mimi naajiri vibarua. Sawa. Lakini ukimlipa zote Februari, Mei atakula nini?

Mleta mada

Mei mkuu kuna maboga, karanga mbichi, kunde, mtama unakauka. Mei kwetu hata mgeni asiyealikwa anashiba.

Aliyekuwa mjumbe wa kamati ya kijiji

Na mwaka mvua ikigoma?

Mleta mada

Mvua ikigoma, Mei nayo inakuwa Januari, na pesa tulishazimaliza. Hapo umenibana. Labda sehemu ibaki kwa wilaya hadi Machi, wakishaona shamba limekaaje, au NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, wafungue ghala mapema wauze kwa bei nafuu badala ya kungoja wabunge wapige kelele. Ila jirani atakuwa amepalilia, na mtama uliopaliliwa unavumilia ukame kuliko uliozungukwa na majani. Wa Songea, wewe ni mkulima, nikosoe.