Filamu ya uhalifu ya London: Bullet Boy, Shifty au Ill Manors?

KambaNyeupe: Wakuu, nataka kununua DVD moja ya uhalifu wa mitaani Uingereza, zile za bajeti ndogo. Zimebaki tatu: Bullet Boy (2004), Shifty (2008), Ill Manors (2012). Ipi? Nalipia leo jioni.

Mzee wa Klaketi: Ya kuangalia sebuleni au ya kazi? Watazamaji umri gani? Deki ya aina gani?

DadaHariri: Shifty, hata asipojibu, maana inafundisha kutengeneza filamu kwa pesa kidogo. Siku 18 za kupiga picha, pauni 100,000 za Microwave, mpango wa Film London wa filamu za bajeti ndogo. Hadithi yote ni ya saa 24: Chris anarudi kutoka Manchester, anamkuta rafiki yake Shifty (Riz Ahmed) anauza unga. Hadithi ya siku moja inabana gharama, kila mhusika anatosheka na seti moja ya nguo. Mtego wake ni mwanga. Tukio la saa nne asubuhi ukilipiga saa kumi jioni, kivuli kitakuumbua kwenye uhariri.

Mtaa wa Nyuma: Bullet Boy, bila ubishi. Ugomvi unaanzia kioo cha pembeni cha gari kilichovunjika, basi. Ricky (Ashley Walters) katoka tu gerezani, mtaa ni Hackney, na bastola inaishia mikononi mwa mdogo wake wa miaka 12. Huhitaji jambazi mkuu wala magari kufukuzana. Mwongozaji Saul Dibb alitokea kwenye filamu za hali halisi, na inaonekana.

DadaHariri: Inaonekana, ila wanaojifunza wakiiga kamera ya mkononi huku fokasi iko otomatiki, lenzi inawinda sura kila mtu akipita mbele.

KambaNyeupe: Ni ya klabu ya filamu ya shule. Deki ni ya kawaida.

Mzee wa Klaketi: Shule! Hilo ulitakiwa kuanza nalo. Ill Manors Uingereza imepewa 18, yaani walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, itoe. Hizo mbili ni 15. Na kununua diski hakukupi haki ya kuonyesha hadharani. Mwandikie mwenye haki, kisha uulize Bodi ya Filamu.

Mtaa wa Nyuma: Mnaionea Ill Manors. Nayo ni ya pauni 100,000, Microwave hiyohiyo. Mwongozaji wake Ben Drew anarap historia ya mhusika kwa dakika chache, kitu ambacho kingekula siku kadhaa za kupiga.

DadaHariri: Na bado ina dakika 121. Shifty ina 85. Kipindi cha klabu ni saa ngapi?

FundiDeki: Mnabishana hadithi, diski yenyewe itakataa. Kila DVD hufungiwa kanda, yaani eneo la dunia inakouzwa: za Uingereza ni kanda 2, Tanzania na Kenya ni kanda 5. Klabu moja iliagiza mtandaoni, watu wakajaa ukumbini, deki ikaandika kosa la kanda. Wakahamia laptop, wakabadili kanda. Jumamosi nyingine diski ya hapa, wakarudisha. Wakaenda hivyo bila kujua kwamba draivu inakubali mabadiliko matano tu. La tano likajifunga kanda 2, na diski za hapa za kanda 5 hazikusoma tena. Kufuta programu na kuiweka upya hakusaidii, hesabu imo ndani ya draivu yenyewe. Tafuta deki ya kanda zote, nyingine hufunguliwa kwa namba za rimoti. Au Blu-ray kama toleo lipo: Uingereza na Afrika zote ni kanda B.

Mtaa wa Nyuma: Nani ana deki ya Blu-ray shuleni?

FundiDeki: Nani ana pauni za kununua DVD isiyosoma?

Mzee wa Klaketi: Maandishi ya chini je? Kiingereza cha vijana wa London kitawaacha wengi njiani. Hakikisha boksi linasema yapo, toleo kwa toleo.

KambaNyeupe: Nyuma ya deki kuna alama ya dunia yenye 5. Na Kidulthood (2006) je, haifai?

DadaHariri: Nayo ni 15, ila ina vurugu na ngono za wanafunzi wa sekondari. Mwalimu mkuu ataiangalia kwanza?

Mzee wa Klaketi: Umri wa watoto bado hujataja.