Naombeni ushauri: mtoto hali vizuri tangu aangalie muvi ya farasi

mama_rama: Wakuu habari za jioni. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Kondoa huku vijijini. Kijana wangu wa pili ana miaka 9. Juzi Jumamosi niliwawekea muvi ya Black Beauty, ile ya farasi mweusi anayesimulia maisha yake mwenyewe tangu azaliwe, anauzwa kwa huyu, anauzwa kwa yule, wengine wana huruma wengine makatili. Kijana wa muvi pale mnadani ndo aliniingizia kwenye flashi, imetafsiriwa, akaniambia mama hii ya familia haina mambo ya aibu. Basi ilipofika pale yule farasi mwenzake Ginger anapitishwa kwenye mkokoteni ameshakufa, mtoto akainuka akatoka nje. Tangu siku hiyo chakula anagusagusa tu, usiku anashtuka, na swali ni lile lile, mama hivi farasi akiuzwa anajua kama ameuzwa? Nimemwambia yale ni maigizo, wapi. Nifanye nini asahau? Nimpeleke kwa shehe akamsomee dua?

Kichuguu: Pole mama. Dua sio mbaya. Ila tuseme ukweli muvi zinaharibu watoto, sisi jioni ilikuwa kombolela na hadithi za bibi, ukilala umelala.

Fundi_Redio: Hadithi za bibi gani mkuu, zile za zimwi kumeza kijiji kizima? Mi hiyo muvi niliiona banda umiza Tabora nikiwa darasa la sita, wanaume wazima wapiga debe wa stendi walikuwa wanajifuta macho wanasingizia vumbi. Na mvua ilikuwa inanyesha.

mwalimu_mstaafu: Mama, hiyo hadithi haikuandikwa kwa ajili ya watoto. Aliyeiandika ni mama wa Kiingereza, Anna Sewell. Akiwa na miaka 14 alianguka akaumia vifundo vya miguu, maisha yake yote kutembea ilikuwa shida, akawa anategemea farasi na kigari kwenda popote. Kitabu kilitoka 1877, mwaka uliofuata akafariki. Alikiandika kwa ajili ya wanaofanya kazi na farasi, waone yale wanayoyafanya, mfano ile hatamu ya kumvuta farasi kichwa kiwe juu muda wote ili apendeze huku shingo inamuuma. Kwa hiyo mtoto akilia ameelewa vizuri. Usimponye kitu ambacho sio ugonjwa.

nyakwetu: Samahani mama Rama, swali moja. Kondoa hakuna farasi. Mtoto anauliza habari ya KUUZWA, haulizi habari ya kufa. Hapo nyumbani mmeuza nini?

Fundi_Redio: Hahaha nyakwetu mpelelezi.

mama_rama: Nyakwetu umenigusa. Tulikuwa na punda anaitwa Kibiriti. Rama alimlea tangu ndama, sikio la kushoto liling'atwa na fisi likabaki nusu, mtoto ndo alikuwa anaosha kidonda na maji ya chumvi. Nilimuuza mwezi wa kumi laki mbili na themanini. Ada ya dada yake sekondari ilikuwa inadaiwa na baba yao alikuwa amelazwa, mngenishauri nini? Rama alikuwa kwa bibi yake, aliporudi nikamwambia Kibiriti amekwenda kupumzika kwa mjomba. Sasa kaangalia hiyo muvi, anasema kama yule farasi alikuwa anaongea moyoni basi na Kibiriti anaongea huko aliko.

Kichuguu: Kumbe ulimdanganya. Mtoto hadanganywi, ndo maana hata...

shangazi_wa_Babati: Kichuguu mwache mwenzio apumue. Mama Rama mdogo wangu, kuuza sio dhambi. Mimi niliuza ng'ombe wa mahari yangu mwenyewe mwaka mume wangu alipopata ajali, ng'ombe niliyemkamua miaka sita, na yule aliyenunua ni jirani kwa hiyo kila asubuhi namsikia akilia upande wa pili wa ua. Miezi minne nilikuwa napitia njia ya nyuma. Sasa mimi ni mtu mzima, seuze mtoto. Mwambie tu ukweli, yupo kwa nani sasa?

mama_rama: Alichukuliwa na dalali.

nyakwetu: Dalali wa nini? Wa kubeba maji au wa ngozi?

mama_rama: Sikuuliza.

nyakwetu: Mama! Punda wanakusanywa wanachinjwa ngozi zinapelekwa China zinachemshwa zinatoka gundi inaitwa ejiao, wanaitumia kama dawa. Serikali yetu ilipiga marufuku kuchinja punda kwa biashara hiyo 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika pale Addis Ababa wakakubaliana nchi zote zisimamishe miaka 15. Lakini dalali wa usiku hasomi matangazo.

mama_rama: Ndo maana siwezi kumwambia mtoto. Jamani nimeshapata njia, nataka tu mnisaidie namna ya kuisema. Kuna mzee ana punda anafanana na Kibiriti kabisa, rangi ile ile ya majivu, ule mstari wa mgongoni na mabegani, nimeshatanguliza elfu themanini. Nitasema mjomba amemrudisha. Tatizo ni sikio. Jirani anasema sikio linakatwa dakika moja tu, linapona.

shangazi_wa_Babati: Astaghfirullah.

mama_rama: Msinihukumu, ni sikio tu, ng'ombe wanatiwa alama kila siku na mnakula maziwa yao. Mtoto wangu hali.

Mtambo: Wakuu hii ni CHAI. Nimeisoma mara mbili. Kwanza Black Beauty mi nimeiona, farasi ni JIKE, yuko Marekani, anakamatwa porini, na anayempenda ni BINTI anaitwa Jo. Huyu mama hajasema binti popote. Pili mtoto wa kijijini muvi ya kizungu kaielewaje. Tatu sikio la fisi, hapo ndo sukari imezidi. Anatafuta wasomaji huyu. Weka picha ya punda.

Kichuguu: Hata mi nilihisi. Mwanzo dua, mara ada, mara mume kalazwa.

Fundi_Redio: Uzi bila picha...

msafiri_wa_reli: Mtambo punguza jazba. Muvi ziko mbili na zaidi. Uliyoiona wewe ni ya 2020, inatokea Marekani, sauti ya farasi ni Kate Winslet. Ya 1994 inatokea Uingereza, farasi dume, sauti ni Alan Cumming, na Joe ni mvulana. Ginger kupitishwa amekufa ni ya 94. Na kasema mapema imetafsiriwa, soma kwanza.

mama_rama: Picha ya Kibiriti sina, simu yangu ya zamani iliharibika. Ninayo hii aliyoichora Rama nyuma ya daftari la hesabu, sikio la kushoto halijamalizika. Nilidhani amechoka kuchora, kumbe ndo alivyo. Sina wasomaji ninaowatafuta, nimeandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kuongea sauti inasikika chumba cha pili.

Mtambo: Mama nimeona mchoro. Naomba radhi.

mwalimu_mstaafu: Mama Rama, nirudie muvi maana ndiyo aliyoiona mwanao. Yule Joe, kabla ya kuwa mtu mzuri, ndiye aliyekaribia kumuua farasi. Farasi kakimbia usiku kumfuata daktari, karudi anatoka mvuke, Joe kampa maji ya baridi na hakumfunika blanketi, hakujua. Akalia sana. Na mwishoni farasi amezeeka, amechakaa, anakutana na Joe yule yule. Rama analijua hilo, ameona mtu aliyekosea akisamehewa. Na wewe mpe nafasi hiyo. Huyo punda wa pili ukimkata sikio mwanao atakuta kidonda kibichi, na vidonda vya sikio anavijua kuliko wewe.

shangazi_wa_Babati: Halafu punda kila mmoja na mlio wake, akilia mara moja tu mtoto ameshajua.

nyakwetu: Mtafute dalali kwanza. Leo.

*(siku tatu baadaye)*

mama_rama: Nimerudi. Kisu nimeacha, yule mzee nimemwambia punda wake abaki na masikio yake, hela atarudisha akivuna. Dalali nimempata, alikataa kusema mpaka baba Rama aliposimama na fimbo yake ya hospitali. Anasema Kibiriti hakuvushwa, alimuuza kwa mtu anayechota maji kisimani, njia ya Haubi. Sijui kama ni kweli. Jana usiku nilimwambia Rama kila kitu, hakulia, akaniuliza tu, wewe ulimwambia kwaheri? Sikumwambia. Jumamosi naenda. Niende naye au niende peke yangu kwanza nione hali yake?

nyakwetu: Nenda naye.

Mtambo: Nenda naye mama. Beba na pumba, nauli mimi nachangia, nitumie namba inboksi.