Jamaa ya Kadutu, Bukavu: masomo ya Nsimire

*Jumamosi*

Shangazi Zawadi, 06:42
Amkeni. Kujiandikisha kwa Nsimire chuoni, asomee udaktari, kunafungwa Ijumaa. Kila mtu aandike hapa anatoa dola ngapi. Mimi 60.

Shangazi Zawadi, 09:15
Watu 19 wamesoma. Majina nayaona, jamani.

Tonton Mugisho, 09:31
Umeme umekatika dada, simu iko na asilimia 4

Mama Nsimire, 09:40
Aksanti wifi 🙏

Shangazi Zawadi, 09:58
Wengine mnafikiri mtoto anapoteza wakati hospitali kwa sababu halipwi. Jumatano nilikwenda kumwona. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya katoto ka miaka miwili, anakafunga kwenye mkono ule mkanda wa rangi wa kupima utapiamlo. Ukasoma nyekundu, chini ya sentimita 11 na nusu. Mama yake akaanza kulia. Nsimire hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono, akampeleka mwenyewe hadi kwa muuguzi, kisha akarudi kuandika uzito kwenye fishi, kadi ya mtoto. Miezi minane sasa, kwa miguu, kwenda na kurudi. Na diploma ya Serikali, ya kumaliza sekondari, ameipata na asilimia 71!

Tonton Mugisho, 10:20
Akikuwa munganga mimi nitapimwa malaria bure

Faida, 10:22
Wewe dawa yako ni kuacha pombe ya kasiksi 😂😂

Tonton Mugisho, 10:22
Kasiksi ni ndizi. Ndizi ni matunda

Faida, 10:25
😂😂 Na sufuria yangu kubwa, ile ya arusi, iko kwa nani?

Shangazi Zawadi, 10:26
Acheni sufuria. Dola ngapi?

Tonton Mugisho, 10:41
Mumutume Bujumbura. Hata Mukwege, yule daktari wa Nobel, alisomea kule

Shangazi Zawadi, 10:50
Mukwege alimaliza 1983. Wakati ule hapa Bukavu ungesomea wapi udaktari? Chuo kikuu cha UCB chenyewe kilizaliwa 1989. Leo udaktari unafundishwa hapa kwenye vyuo vikuu vya UCB, UOB na UEA. Mtoto atalala kwao, atakula fufu ya mama yake. Bujumbura ni kodi ya nyumba juu ya minerivali, ada ya chuo.

Faida, 11:12
Yaya, dada mkubwa, usikasirike. Tulitoa hivi hivi kwa masomo ya Bahati. Parseli, kile kiwanja cha Panzi, ikaenda. Diploma iko wapi?

Mama Nsimire, 11:30
Faida tafadhali

Shangazi Zawadi, 11:33
Ya parseli tuliyamaliza kwenye matanga ya mama.

Faida, 11:34
Ninyi mliyamaliza. Mimi sikuwepo.

Bahati, 13:58
Nilikuwa kazini. Nimesoma yote. Sikuacha masomo. Mwaka wa tatu transhi ya pili ya ada haikufika, nikatolewa kwenye chumba cha mitihani kalamu mkononi, wenzangu wanaandika. Nyumbani nilisema nimechoka na shule, sikutaka kumtia baba aibu. Kwa Nsimire natoa 40. Na kila mwezi 10.

Tonton Mugisho, 14:30
Bahati, mimi sikujua

Ntakwinja (Walungu), 16:20
Baba Mkubwa ananiambia niandike kama anavyosema:
Nimesikia. Mtoto ana roho ya kazi hiyo, silibishi. Lakini udaktari ni karibu miaka 7. Mwaka wa kwanza wote mtatoa kwa furaha, na picha mtapiga. Mimi nataka jina la mtu atakayelipa mwaka wa tano. Bila jina hilo, ng'ombe wangu hauzwi. Kwa Bahati nilinyamaza. Sasa sinyamazi.

Mama Nsimire, 16:31
🙏🙏

Shangazi Zawadi, 16:48
Tumesikia, Baba Mkubwa.

Nsimire, 19:05
Habari za jioni, wakubwa. Nilikuwa zamu, simu tunaacha mlangoni. Yaya Bahati, aksanti. Hili sikulijua. Naomba mtu asiuze kitu kabla Baba Mkubwa hajakubali. Nikikosa mwaka huu nitaendelea hospitali, lakini udaktari siuachi.
Shangazi, yule mtoto wa Jumatano leo amemaliza kikombe kizima cha maziwa. Akanyoosha mkono anaomba kingine.

Tonton Mugisho, 19:40
Minatoa 25. Natuma kwa simu, benki zimefungwa

Shangazi Zawadi, 20:02
60 + 40 + 25 = 125. Transhi ya kwanza inataka 300. Na jina la mwaka wa tano bado. Kesho baada ya misa, wote kwangu Nyamugo. Faida, unakuja?

Faida, 21:30
Nitaona. Sufuria nayo ije

Shangazi Zawadi, 21:31
Faida.

Faida, 21:47
Nimesema nitaona, yaya